Ubongo Ukifa Kipande, Waweza Kuota Tena?

Sijui gazeti hili limekufikia saa ngapi. Pengine wangoja adhana ya magharibi na harufu ya sambusa imeshakufika puani, pengine umetoka tarawehe na watafuta cha kusoma kabla ya usingizi. Vyovyote iwavyo, nakuomba robo saa. Nataka kukusimulia habari ya ubongo, na si kwa kupenda elimu peke yake. Iko sababu ya nyumbani.

Ramadhani ya mwaka jana mjomba wangu aliamka kula daku, akashindwa kushika kijiko. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno yakamtoka kama ya mtu aliye usingizini. Sisi tuliokuwepo tukasema ni upepo mbaya. Akapakwa mafuta, akasomewa, akalazwa. Tulipomfikisha hospitali jua lilikuwa limeshapanda, na daktari akatuuliza swali moja tu: haya yalianza saa ngapi? Tulipomwambia, akanyamaza. Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukawa kama si wake tena.

Miezi kadhaa baadaye akaja bwana mmoja na video kwenye simu yake. Ati iko dawa mpya ya nano, yaotesha upya mishipa ya fahamu iliyokufa, chupa tatu shilingi 45,000. Binamu yangu alikuwa tayari kuuza pikipiki yake. Kabla hajauza akaniuliza, "Wewe si wapenda kusoma mambo haya? Hebu niambie, ni kweli au ni uongo?" Jibu langu likawa refu kuliko alivyotaka, kwa sababu ukweli umo na uongo umo. Hiyo kazi ya nano kwenye ubongo ipo, tena yafanywa na mabingwa. Lakini ndani ya chupa za yule bwana haimo. Ili uone mpaka uko wapi, yabidi turudi nyuma, nyuma sana.

Madaktari wa Kiyunani wa zama za Hippocrates, karne nne na zaidi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walikuwa wameshakata tamaa na maradhi haya. Walifundisha kwamba kiharusi kikali hakitibiki, na kilicho hafifu si rahisi kutibika. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, alikieleza katika kitabu chake cha Qanun kwa jina la sakta. Neno hilo asili yake ni kunyamaza, na sisi Waswahili tunalo dugu lake, sukutu. Mtu amepigwa, amenyamaza, hana hisia wala mwendo. Ibn Sina alisema chanzo ni kuziba kwa njia za ndani ya ubongo. Maelezo yake yote hayakusimama mpaka leo, lakini hilo la kuziba halikuwa mbali. Mwaka 1658 tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu baada ya kuwapasua marehemu waliokufa kwa kiharusi, akaonyesha damu iliyovuja ndani ya ubongo. Basi aina zote mbili zikajulikana, ya mshipa kuziba na ya mshipa kupasuka. Kujua chanzo kukapatikana. Tiba haikupatikana.

Sasa twende Uhispania, kwani huko ndiko ilikotolewa ile hukumu ninayotaka uijue.

Santiago Ramón y Cajal alikuwa mtoto mtundu aliyetaka kuwa mchoraji, na baba yake akamlazimisha udaktari. Mkono wa uchoraji haukupotea. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi alikuwa amegundua rangi ya kutia kwenye kipande cha ubongo ili seli chache zionekane nyeusi, nzima, na matawi yake yote. Kuanzia 1888 Cajal aliitumia rangi hiyo kuonyesha jambo ambalo Golgi mwenyewe hakulikubali: kwamba ubongo si wavu mmoja ulioungana, bali ni seli moja moja, kila moja na mwili wake, matawi yake, na uzi mrefu unaopeleka habari kwa seli nyingine. Seli hizi ndizo ziitwazo nyuroni. Mwaka 1906 wawili hawa walipewa tuzo ya Nobel pamoja, na kila mmoja akasimama kwenye hotuba yake akapinga rai ya mwenzake! Ndio wataalamu hao.

Baadaye Cajal akatazama kinachotokea nyuroni zikikatwa. Mshipa wa fahamu wa mkononi au mguuni ukikatwa, uzi huota tena polepole. Wa ndani ya ubongo na uti wa mgongo hujaribu, huchipua kidogo, kisha husimama na kunyauka. Katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 1913 na 1914 aliandika kwa uchungu kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za fahamu zimekwisha kufungwa, kila kitu chaweza kufa na hakuna kinachozaliwa upya. Wanafunzi wa udaktari wakaishika kauli hiyo kama sheria kwa miaka zaidi ya sabini. Walichosahau ni kwamba Cajal aliongeza, palepale, kuwa ni juu ya elimu ya siku za mbele kuibadilisha hukumu hiyo ngumu kama itawezekana.

Na ushahidi wa kuibadilisha alikuwa nao nyumbani mwake. Mwaka 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alichukua vipande vya mshipa wa fahamu wa mguu akavipandikiza ndani ya ubongo wa sungura. Nyuzi za ubongo, zile zisizoota, zikaota zikaingia ndani ya kile kipande kigeni! Fikiri hapo ndugu yangu. Mbegu ni ile ile, udongo umebadilika, na mbegu ikamea. Lakini habari hii ikakaa kwenye makabati. Hata mwaka 1981, kule Montreal nchini Canada, Samuel David na Albert Aguayo walipoweka daraja la mshipa wa mwilini baina ya shina la ubongo na uti wa mgongo wa panya, nyuzi zikatembea humo karibu sentimita 3. Kwa nyuroni hiyo ni safari ndefu mno. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena kwenye uti wa mgongo, zikasimama baada ya hatua chache. Udongo tena.

Mwaka 1988 Martin Schwab na wenzake kule Zurich wakaonyesha kwamba ile ngozi ya mafuta inayozifunika nyuzi za ubongo ina kitu kinachozizuia zisiote. Mwaka 2000 kitu hicho kikapewa jina la Nogo, yaani hakuna kwenda. Ongeza kovu linalojijenga kuzunguka jeraha, ongeza uvimbe na sumu za seli zilizokufa, utaona mbona ubongo uliojeruhiwa ni shamba lisilolimika.

Upande wa pili wa hukumu, ule wa kusema hakuna nyuroni mpya zinazozaliwa, nao ukaanza kutikisika. Joseph Altman aliona dalili za nyuroni mpya katika panya wakubwa mwaka 1962, akapuuzwa hata akahamia utafiti mwingine. Fernando Nottebohm wa New York akazikuta kwa ndege aina ya kanari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halafu mwaka 1998, Peter Eriksson wa Uswidi na Fred Gage wa Marekani wakatoa habari ya binadamu. Wagonjwa watano wa saratani walikuwa wametiwa dawa inayoacha alama kwenye seli mpya, na walikubali bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Zikaonekana nyuroni changa katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Watafiti wangali wanabishana ni ngapi hasa zinazozaliwa utuuzimani. Ila kwa habari ya kiharusi, utafiti wa Uswidi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba panya akipigwa kiharusi, seli changa huhamia penye jeraha kama majirani waliosikia ukemi. Nyingi mno hufa njiani au zikishafika. Zilizobaki ziliziba kama asilimia 0.2 tu ya nyuroni zilizopotea.

Kwa hiyo wataka kujua tiba ya nano yaingilia wapi? Yaingia hapo kwenye udongo.

Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwaka 1959 mwanafizikia Richard Feynman alitoa hotuba mashuhuri kule California kuhusu kufanya kazi katika udogo huo, na akataja fikra ya rafiki yake, kwamba mtu aweza siku moja kummeza daktari wa upasuaji, yaani kijimashine kidogo kinachoingia mwilini na kutengeneza. Vijimashine hivyo havijaja. Kilichokuja ni kitu cha unyenyekevu zaidi: vifuko vya mafuta na chembe ndogo za kubebea dawa. Dawa ya kwanza ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko hivyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1995. Nawe yamkini umeshatiwa tiba ya nano bila kujua, kwani chanjo za Pfizer na Moderna za korona zilizofika Kenya mwaka 2021 zilibebwa ndani ya vidonge vya mafuta vya ukubwa huo huo.

Ubongo ni mgumu kuliko mkono unaochanjwa. Mishipa yake ya damu imeshonwa kwa kubana sana, hata dawa nyingi mno unazomeza au kudungwa haziupenyi ukuta huo. Ndio sababu ya kwanza ya watu kukimbilia nano, kutafuta cha kupenya. Sababu ya pili ndiyo iliyonivutia mimi: kujenga upya ule udongo.

Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shuguang Zhang, mtafiti wa chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa akichunguza protini ya hamira. Hamira hii hii ya mandazi. Akakuta kipande kifupi cha protini ambacho kikikutana na maji ya chumvi hujipanga chenyewe kuwa nyuzi za nanomita chache, na nyuzi zikashikana zikawa kama utando. Hakuwa akitafuta dawa ya ubongo hata kidogo. Baadaye ikaonekana kuwa nyuroni zikiwekwa juu ya utando wa namna hiyo hustawi na kuunganika. Mwaka 2006 kundi la Rutledge Ellis-Behnke, la MIT na Hong Kong, likachukua hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, likaukata mfereji wa fahamu wa macho ndani ya ubongo, kisha likadondosha maji yenye vipande hivyo vya protini. Ndani ya saa 24 za mwanzo pengo lilikuwa limeanza kufungika. Nyuzi zikavuka. Wale hamsta waliokuwa hawaoni upande mmoja wakaanza kugeuka kufuata chakula kwa macho.

Ajabu ya historia ni hii: kitu hicho hakikufika hospitali kama dawa ya ubongo. Watafiti waliona kwamba kikidondoshwa penye jeraha damu husimama upesi, na tangu 2014 Ulaya imekiruhusu kwa kazi hiyo ya kuzuia damu wakati wa upasuaji. Kwa ubongo wa binadamu bado.

Chicago nako, Samuel Stupp wa chuo kikuu cha Northwestern alitengeneza nyuzi za namna nyingine, na juu yake akapachika ishara fupi iliyoigwa kutoka protini ya mwilini, ishara inayoiambia seli, kuwa nyuroni, ota. Mwaka 2004 ilifanya kazi kwenye vyombo vya maabara. Mwaka 2008 ikafanya kazi kwa panya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Mwaka 2021 kundi lake lilichapisha habari iliyozunguka dunia: panya waliopooza, wakadungwa mara moja tu siku ya pili baada ya jeraha, wakatembea tena baada ya kama wiki nne. Siri waliyoieleza ni kwamba molekuli zilizotikisika zaidi ndani ya nyuzi zilifanya kazi vizuri kuliko zilizotulia, ingawa ishara ni zile zile. Hapo magazeti yakaziita molekuli zinazocheza ngoma.

Na kiharusi chenyewe? Utafiti unaohusika zaidi na mtu kama mjomba wangu ni wa Los Angeles, uliotoka mwaka 2018, wa Tatiana Segura na daktari Thomas Carmichael. Kiharusi kikiua kipande cha ubongo, baada ya siku kadhaa hubaki tundu, na ndani yake hakuna kitu. Wao wakaona, badala ya kulilia tundu, hebu tulitumie. Siku tano baada ya kiharusi wakalijaza tundu la panya kwa jeli iliyotengenezwa kwa kitu ambacho ubongo wenyewe unacho, na ndani yake wakatia vidonge vya nano vilivyoshika protini ya kuchochea mishipa ya damu. Jeli ikapunguza uvimbe na kovu, mishipa ya damu ikaingia, na nyuma ya mishipa zikaja nyuzi za nyuroni. Baada ya wiki 16 penye tundu palikuwa na nyama ya ubongo, na panya wakatumia viungo vyao vizuri zaidi kuliko wasiotiwa.

Nilipofika hapa binamu akaruka, "Basi si ndiyo hiyo!" Nami nikamwambia, ngoja.

Ubongo wa panya wa maabara hauna hata nusu gramu. Wa mjomba wako una kama gramu 1,300 na zaidi, na nyuzi zake zina safari ya kutoka utosini hadi kiunoni. Yule panya alikuwa kijana, hana presha, hana sukari, na kiharusi chake kilifanywa kwa saa na dakika inayojulikana. Tena kaburi la dawa za kiharusi zilizofaulu kwa panya ni kubwa. Mwaka 2006 watafiti walizihesabu tiba za majaribio ya kuunusuru ubongo baada ya kiharusi, wakapata 1,026. Kati ya hizo 114 zilifika kwa binadamu. Iliyosimama na kuingia hospitalini kama dawa ya kawaida ilikuwa ile ya kuyeyusha donge la damu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, na yenyewe haioteshi chochote. Hata dawa ya kuzima ile Nogo, iliyotokana na kazi ya miaka mingi, ilipopimwa Ulaya kwa watu waliovunjika uti wa mgongo wa shingo, matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2024 hayakufikia lengo kuu la jaribio, japo baadhi ya wagonjwa ambao jeraha lao halikukata kila kitu walionyesha dalili za kutia moyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hali ilivyo ninapoandika haya ni kwamba hakuna dawa yoyote ya nano iliyoruhusiwa kuotesha nyuroni za mtu aliyepata kiharusi au kuumia ubongo. Hakuna Marekani, hakuna Ulaya, hakuna hapa kwetu. Zote nilizokusimulia hutiwa kwa sindano au kwa upasuaji penye jeraha lenyewe, mapema, siku ya kwanza au juma la kwanza. Hakuna hata moja ya kunywa kwa kijiko miezi tisa baadaye. Yule bwana wa chupa hakutunga hadithi yote, amechukua panya wa kweli akamtia kwenye chupa ya uongo, na ndiyo maana ni vigumu kumkamata.

Liko jambo jingine nililomwambia binamu, nalo liliniuma mimi zaidi kuliko yeye. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na usifunguliwe, mgonjwa hupoteza kwa wastani nyuroni milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa kuhakikisha si kuvuja kwa damu. Mjomba alishindwa na kijiko wakati wa daku, na tulimfikisha jua limepanda. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nimeshaipiga mara nyingi, usiku. Uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigongana, tazama saa, iandike, na gari litafutwe hapo hapo. Kumsomea mtu kwawezekana pia ndani ya gari.

Pikipiki haikuuzwa. Mapato yake ya Jumatatu na Alhamisi ndiyo yanayompeleka mjomba kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwani mazoezi ya kurudiarudia huzifundisha nyuroni zilizobaki kushika kazi za zilizokufa, na kwa hilo wala hatuhitaji kungoja maabara. Mwanzoni alikuwa akisogeza punje tatu za tasbihi kwa mkono wa kulia, kisha vidole vinagoma. Juzi baada ya alasiri alifika thelathini na tatu, akapumzika mara mbili njiani, akaniambia nisimsaidie kuhesabu.